CHENGA ZA KRISPI SI DENI LA MFANYAKAZI



Malalamiko yanayotufikia kutoka kwa wenzetu wanaokaanga na kufunga vyakula katika Migori na Homa Bay ni ya namna moja. Siku ya malipo mtu anahesabiwa pesa pungufu, na akiuliza anajibiwa neno moja tu: "Umevunja." Krispi zimevunjika, njugu zimepasuka, mihogo imekuwa unga chini ya mfuko, basi mfunga mifuko alipe.

Sisi twasema hapana, na tuna sababu mbili. Ya kwanza, si yeye aliyevunja. Ya pili, sheria ya nchi haimruhusu tajiri kukata hivyo. Tutazieleza zote mbili, maana mfanyakazi asiyejua hoja yake hushindwa mbele ya meza ya ofisi hata kama haki iko upande wake.

NI NINI KINACHOVUNJA?

Kiazi kitamu kikitoka shambani Kabondo, sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Kikikatwa slaisi nyembamba na kutiwa katika mafuta ya moto, maji hayo hutoka karibu yote. Krispi iliyo tayari hubaki na maji kiasi cha asilimia 2 tu au karibu na hapo. Ndiyo maana inalia mdomoni. Lakini kitu kinacholia kwa kuvunjika kati ya meno, huvunjika vilevile kikianguka juu ya bati. Ukavu huo ndio mali anayoiuza tajiri. Haiwezekani auze ukavu asubuhi, kisha jioni amshitaki mtu kwa sababu kitu kikavu kimevunjika.

Sasa tufuate njia ya krispi hiyo katika kiwanda chenye mashine. Inatoka katika tangi la mafuta na kuangukia mkanda wa kupozea. Kutoka mkanda huo inaangukia trei ya kutetema. Kutoka trei inaingia katika ndoo zinazopandisha juu. Ndoo zinaimwaga katika pipa linalozunguka ili ipate chumvi. Pipa linaimwaga katika faneli ya mizani. Mizani inaiachia iangukie mfuko. Hesabu mwenyewe, ndugu: imeanguka mara sita kabla ya mkono wa mfunga mifuko kuigusa.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika kila anguko krispi 97 kati ya 100 zinasalimika. Ni hasara ndogo, na msimamizi akitazama anguko moja peke yake atasema mashine ni nzuri. Lakini 97 katika 100, kwa maanguko sita mfululizo, ni krispi 83 tu zinazofika nzima. Kumi na saba zimekwisha kuwa chenga. Na zinaonekana wapi? Zinaonekana mwisho wa safari, mbele ya yule mama anayefunga mifuko. Yeye ndiye anayeonekana, basi yeye ndiye anayelipa. Hii ni sawa na kumkamata mtu wa mwisho katika foleni kwa kosa la watu wote waliomtangulia, na hao waliomtangulia si watu, ni vyuma.

Lakini tajiri akipunguza vimo, akafanya zisalimike 99 katika kila anguko, krispi 94 zitafika nzima. Mfanyakazi ni yule yule, na mikono yake ni ile ile. Kilichobadilika ni mashine.

KIMO NA KASI

Jambo hili halihitaji shahada ya uinjinia. Kitu kikianguka kutoka kimo cha sentimita 90 hufika chini kwa mwendo wa karibu mita 4 kwa sekunde. Kikianguka kutoka sentimita 15, mwendo wake haufiki mita 2. Nguvu ya pigo huongezeka kwa kadiri ya kimo: kimo mara sita, pigo mara sita. Basi nani aliyepanga mkanda mmoja uwe juu ya mwenzake kwa sentimita 90? Je, ni mfunga mifuko? Mashine hiyo ilifungwa sakafuni kabla yeye hajaandikwa kazi.

Jambo la pili ni kasi. Msimamizi akitaka mali zaidi huongeza mwendo wa mkanda, naye hudhani kwamba amefanya akili. Kilo zinazopita kwa saa hutokana na mambo mawili: mwendo wa mkanda, na wingi wa chakula kilicholala juu yake. Mkanda unaokwenda nusu ya mwendo, ukibeba tabaka mara mbili, unapitisha kilo zile zile. Tena krispi zilizolala pamoja polepole hazirukirukii pembeni wala hazipigani zinapofika mwisho wa mkanda. Ndoo zinazopanda polepole zikiwa zimejaa hufanya kazi ile ile ya ndoo zinazopanda mbio zikiwa nusu. Ni kweli, tabaka likizidi mno la chini litapondwa na la juu. Basi kipimo chake kitafutwe kwa kujaribu, si kwa kupiga kelele.

Wenye kutengeneza mashine wanalijua jambo hili siku nyingi. Ziko konveya ambazo hazirushi chakula juu na chini. Trei yake husogea mbele polepole, kisha hurudi nyuma ghafla, na chakula huteleza mbele bila kurukaruka. Iko mifereji yenye mteremko mdogo, ambayo chakula huteleza badala ya kudondoka. Ziko faneli zilizotandikwa mpira ndani. Tena yako mambo yasiyogharimu kitu: kushusha mkanda wa juu, kubadilisha rola iliyolika inayotikisa mkanda wote, kupunguza mzunguko wa pipa la chumvi. Mfanyakazi aliyesimama hapo mwaka mzima husikia kwa masikio yake rola inapoanza kugonga. Lakini nani anayemwuliza?

KWETU MKANDA NI KICHWA CHA MTU

Wengine watasema, "Hayo ni ya viwanda vikubwa vya Nairobi. Hapa kwetu kuna makarai, mabeseni na mizani ya mezani." Ni kweli kwamba katika sehemu nyingi za Oyugis, Rongo, Awendo na Ndhiwa mkanda wa kusafirishia krispi za viazi, mihogo au ndizi ni mikono ya mtu, na ndoo za kupandishia njugu ni kichwa cha mtu. Lakini hoja haibadiliki. Nani ameamua kwamba beseni lijazwe hadi juu na kupangwa matatu, moja juu ya jingine? Nani ameweka meza ya kufungia mbali na karai, ili mtu apite ngazi mbili na kizingiti? Nani anayesema, "Mwaga haraka, gari linangoja"?

Ubovu huu huanzia hata kabla ya kiwanda. Ngozi ya kiazi kitamu ni nyembamba, na kikichubuka hupoteza maji na kuoza upesi. Wataalamu hushauri kiazi kilichovunwa kipumzishwe siku 4 hadi 7 mahali penye joto la kiasi cha digrii 30 na unyevu mwingi, ili ngozi ipone na kukaza. Sisi twafanya nini? Twakishindilia katika gunia la lumbesa lenye kofia ya kamba juu, na kijana mmoja anaambiwa alibebe mgongoni hadi kwenye lori. Shirika la Kazi la Kimataifa, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa mwisho wa mzigo wa kawaida wa mwanamume mzima. Lumbesa hupita hapo kwa mbali. Kijana akizidiwa na kuliangusha gunia, huambiwa ameharibu mali. Mgongo wake ulioharibika hakuna anayeuandika katika kitabu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nao hawakukosea.

Na njugu karanga ni vivyo hivyo. Njugu iliyopasuka au kuvunjika hushikwa na kuvu kwa urahisi kuliko iliyo nzima, na kuvu hilo huleta sumu ya aflatoksini. Kenya imeweka kikomo cha sehemu 10 katika bilioni kwa sumu hiyo. Basi kushika chakula kwa upole si urembo wa krispi tu. Ni afya ya mtoto atakayekula njugu hizo. Tajiri anayekata mshahara badala ya kurekebisha njia ya njugu, hakuondoa chenga hata moja wala hakuzuia kuvu hata kidogo. Amechukua pesa tu.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inataja makato ambayo mwajiri anaweza kuyatoa katika mshahara. Kwa mali iliyoharibika inaruhusu kiasi cha haki, lakini kwa sharti: uharibifu uwe umetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi, ndugu! Haikusema "aliyesimama karibu." Haikusema "aliyefunga mfuko wa mwisho." Tajiri anayetaka kukata kwa ajili ya uharibifu yampasa aonyeshe kwamba fulani, kwa makusudi yake, aliharibu kitu fulani. Kukata shilingi sawasawa kwa kila mtu wa zamu kwa sababu chenga zimezidi ni kukiri kwamba hamjui aliyeharibu.

Wako wasimamizi wanaopenda kutaja kwamba sheria hiyo hiyo inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Wanalitaja kana kwamba ni ruhusa. Si ruhusa. Ni ukuta wa mwisho kwa makato yaliyo halali. Kato lisilo halali haliwi halali kwa sababu ni dogo.

Jambo jingine lazima lisemwe wazi. Kifungu cha 20 kinampa mfanyakazi hati inayoonyesha mshahara wake na kila kilichokatwa, lakini haki hiyo haimfikii kibarua wa kutwa. Na wengi wetu katika kazi hizi ni vibarua wa kutwa, hasa mama zetu na dada zetu. Hapo ndipo wizi unapojificha. Pesa inatolewa mkononi, pungufu, bila karatasi, na kesho hakuna ushahidi. Lakini someni kifungu cha 37: kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zinazofikia jumla ya mwezi mmoja, sheria humhesabu kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Akipita miezi miwili mfululizo, anastahili masharti kama aliyeandikwa tangu mwanzo. Basi kila mmoja awe na daftari dogo. Andika tarehe, saa, kazi uliyofanya, pesa uliyopewa, na sababu uliyoambiwa ya kukatwa. Daftari la shilingi chache limewahi kushinda maneno mengi ya ofisini.

Tena, Katiba ya 2010, ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, mazingira ya kazi yanayofaa, na kuingia katika chama. Hatuombi sadaka.

WALIOTUTANGULIA

Wala jambo hili si jipya. Mwaka 1888, katika London, wanawake na wasichana wapatao 1,400 wa kiwanda cha viberiti cha Bryant and May waligoma. Mbali na malipo mabaya na ugonjwa ulioletwa na fosforasi, walikuwa wakitozwa faini kwa mambo madogo: kuzungumza, kuchelewa, kuangusha viberiti. Mgomo haukufika majuma matatu. Faini zikafutwa, na wanawake wale wakaunda chama chao. Miaka minane baadaye, mwaka 1896, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia waajiri wasikate mshahara ovyo kwa kazi iliyoharibika. Faini ya kuangusha kiberiti na faini ya kuvunjika krispi ni ndugu wa baba mmoja.

Na hapa kwetu, mwezi wa Oktoba 1962, Serikali, waajiri na shirikisho la vyama vya wafanyakazi walitia sahihi Mkataba wa Uhusiano wa Viwanda. Waziri wa Kazi wakati huo alikuwa Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Rusinga, ng'ambo ya Mbita. Maana ya mkataba ule ilikuwa kwamba ugomvi wa kazini utatuliwe mezani, kati ya pande mbili zinazoheshimiana. Haikuwa maana yake kwamba upande mmoja uwe mshitaki, hakimu na mweka hazina kwa pamoja.

MAJIBU KWA WENYE KUTUPINGA

Wa kwanza ni tajiri mwenyewe. Anasema, "Nisipokata, hawatakuwa waangalifu." Tunamjibu: umekata miezi yote hii, je, chenga zimepungua? Mtu anayeogopa kukatwa haripoti rola iliyoharibika, maana anajua ataulizwa yeye. Anazificha chenga katikati ya mfuko, na mnunuzi wa Kisumu anazikuta. Woga hautengenezi mashine. Tena pale ambapo chenga huuzwa kwa bei nafuu au kwa mfugaji wa nguruwe, tajiri amelipwa mara mbili: mara moja na mnunuzi, mara ya pili na mfanyakazi.

Wa pili ni mwenzetu anayesema, "Kazi ni haba, nyamaza ushukuru." Huyu tunamwelewa, maana ana watoto. Lakini atazame mbele. Leo ni shilingi ishirini kwa ajili ya krispi, na kwa kuwa hakuna aliyesema neno, kesho ni hamsini kwa ajili ya mifuko na gesi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ukimya wetu ndio sifa anayopewa mgema huyo.

Wa tatu ni yule anayesema, "Mashine za upole zitaondoa watu kazini, afadhali tuzikatae." Naye pia tunampinga. Mashine haziombi ruhusa kwetu. Viwanda vya kusindika vinakuja. Tangu mwaka 2015 rojo la viazi vitamu vya rangi ya chungwa, lililotengenezwa na Organi Limited katika Homa Bay, lilitiwa katika mikate iliyouzwa na maduka ya Tuskys. Maduka yale yameanguka tangu hapo, lakini njia imefunguliwa, na kila kaunti yataka kuongeza thamani ya mazao yake. Swali si kama konveya itakuja. Swali ni nani atakayeketi mezani siku ya kuichagua. Konveya nzuri ni ile isiyovunja krispi, wala kukata vidole, wala kuvunja mgongo. Tajiri yuko tayari kutumia pesa nyingi ili slaisi ya kiazi isipate pigo. Vema, hatumzuii. Lakini upole huo ufike pia kwa mtu anayesimama kando ya mkanda. Pale mkanda unapoingia kwenye rola pawe na kizuizi. Swichi ya kusimamisha iwe karibu na mkono. Mtu asiambiwe kamwe kuzibua mkanda kwa vidole huku mota inazunguka, eti kwa sababu kuusimamisha kutavunja krispi.

Na mtu anayeharibu kwa makusudi? Hatumtetei. Anaharibu kazi ya wenzake. Lakini aitwe, aelezwe kosa lake, apewe nafasi ya kujibu, na mwakilishi wa wafanyakazi awepo.

TUNATAKA NINI

1. Makato yote ya "uvunjaji" yasimamishwe mara moja, na yaliyokatwa bila kufuata sheria yarudishwe.

2. Chenga zipimwe katika kila kituo, si mwisho tu. Achukuliwe krispi mia baada ya kila anguko, zihesabiwe nzima na zilizovunjika, mbele ya mwakilishi wetu. Hesabu ibandikwe ukutani ionwe na wote. Hapo tutajua ni mkanda upi unaokula mali.

3. Mwendo wa mkanda usibadilishwe bila kuwaarifu wawakilishi, na watu waongezwe pale unapoongezwa.

4. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kamati ya usalama. Iundwe, na ionyeshwe mashine mpya kabla haijafungwa sakafuni.

5. Lumbesa ikomeshwe, na mizigo ipimwe kabla ya kupandishwa mgongoni.

6. Vibarua waliotimiza muda wa sheria wahesabiwe kuwa wafanyakazi wa mwezi, na wapewe hati ya mshahara.

Ndugu wafanyakazi, madai haya hayataletwa na karatasi hii. Mwajiri hulazimika kukitambua chama pale kinapokuwa na wanachama wengi kuliko nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuingia. Ndivyo isemavyo Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya 2007. Basi hesabu mahali pako: mko wangapi, na wangapi wamejiandikisha? Ikiwa mko arobaini na walioandikwa ni kumi na wanane, bado watatu tu. Watafute watatu hao juma hili, wakati wa chai au njiani kwenda kituo cha matatu. Waonyeshe hesabu ya maanguko sita. Kisha leteni madaftari yenu kwa mwakilishi wa chama, naye ayapeleke kwa Afisa wa Kazi yakiwa pamoja, si moja moja.

Krispi moja huvunjika kwa kidole. Sisi si krispi.

UMOJA NI NGUVU.